Kompyuta ikihama mtandao, ‘dalali’ wa majina huachwa nyuma

WAFANYABIASHARA wa mazao na mbao wanaosafiri kati ya Mbeya na Iringa sasa hubeba kompyuta mpakato kama walivyokuwa wakibeba daftari la mauzo. Asubuhi mtu yuko ofisini kwake Mwanjelwa, mchana anasimama Makambako kukagua mzigo, usiku analala nyumba ya wageni mjini Iringa. Barabara ni ile ile, lakini kompyuta yake imekwisha kupita katika mitandao mitatu tofauti.

Hapo ndipo usumbufu unapoanza. Alama ya Wi-Fi inaonyesha kuwa mashine imeunganishwa, simu ya mwenzake kwenye mtandao huo huo inafanya kazi, lakini kwenye kompyuta hakuna ukurasa unaofunguka. Wengi hulaumu kampuni ya simu na kununua bando jingine. Wengine huipeleka mashine kwa fundi, ambaye hufuta kila kitu na kuanza upya. Mara nyingi kosa liko kwenye mpangilio wa DNS, na kulirekebisha hakugharimu hata shilingi moja.

DNS ni mfumo wa kutafsiri majina ya tovuti, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Mashine zilizo kwenye intaneti hutafutana kwa namba. Mtu anapoandika jina la tovuti ya benki yake, kompyuta huiuliza kwanza seva ya DNS namba ya jina hilo ni ipi. Ni sawa na mgeni anayeingia soko la Soweto jijini Mbeya akamwuliza dalali ghala la fulani liko wapi. Dalali asipojibu, mgeni hafiki, hata kama ghala liko wazi na mwenyewe yupo.

Kwa kawaida kila mtandao huipa kompyuta dalali wake mara tu inapounganishwa. Tatizo hutokea pale fundi wa ofisini alipoandika namba ya kudumu, tuseme 192.168.1.10, ili mashine ione leja ya bidhaa iliyo kwenye seva ya ofisi. Ndani ya ofisi ile mambo huenda vizuri. Ikifika Iringa, kompyuta inaendelea kuiuliza namba ile ile, ambayo huko pengine haipo kabisa, au ni ya mashine ya kuchapia.

Hasara yake si ndogo. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayesubiri ankara ya lori la viazi vya Uyole hawezi kungoja hadi kesho, na viazi navyo havingoji. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga aliyesajiliwa katika VAT anatakiwa kuwasilisha ritani TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, naye akikwama jioni ya siku hiyo ataingia kwenye adhabu. Fedha ya fundi ni kidogo ukilinganisha na hayo.

Kutambua kosa ni rahisi. Fungua dirisha la amri na uandike ping 8.8.8.8, ambayo ni namba ya seva ya DNS iliyoanzishwa na Google mwaka 2009. Majibu yakirudi huku majina ya tovuti yakigoma, intaneti ipo na kinachokosekana ni DNS.

Katika Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kisha andika ncpa.cpl. Chagua kiunganishi unachotumia, fungua sifa zake, kisha mpangilio wa IPv4. Katika sehemu ya chini inayohusu DNS, weka alama kwenye chaguo la kwanza, yaani namba ipatikane yenyewe. Kabla ya hapo nakili namba za zamani kwenye karatasi, maana ofisini zitahitajika tena. Ikumbukwe kuwa kiunganishi cha waya na cha Wi-Fi kila kimoja kina mpangilio wake. Baada ya hapo andika ipconfig /flushdns ili mashine isahau majibu ya zamani.

Wapo wanaoandika 8.8.8.8, au 1.1.1.1 ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2018, na kuiacha humo moja kwa moja. Inasaidia, lakini si dawa ya kila kitu. Nyumba za wageni zenye ukurasa wa kuingiza namba ya siri huenda zisiuonyeshe ukurasa huo, na majina ya ndani ya ofisi hayatajulikana.

Lipo pia suala la usalama, kwa kuwa dalali anaweza kuwa tapeli. Mwezi Novemba 2011, FBI ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa raia wa Estonia waliotumia virusi vya DNSChanger kubadili mpangilio huo katika kompyuta zipatazo milioni 4, kwenye nchi zaidi ya 100. Kwa hiyo namba ya DNS ambayo hukuiandika wewe wala fundi wako ni ya kutiliwa shaka. Na ukiwa kwenye mtandao usioujua, kompyuta ikitoa onyo kuhusu cheti cha tovuti ya benki, usiandike namba ya siri. Zima Wi-Fi hiyo na utumie intaneti ya simu yako.