Chuchu si Ndewe

Kutoga si jambo geni Kwale. Binti hutogwa masikio akingali mdogo, na kipini puani kimepamba akina bibi wa Pwani miaka na miaka. Kigeni ni kutoga chuchu, mtindo unaoambatana na miji ya kitalii kama Diani. Wazee huuzungumzia kwa upande wa heshima. Daktari huanzia kwingine: sindano imepita kwenye nyama gani?

Ndewe ni ngozi na mafuta tu, na tundu lake hupona kwa wiki 6 hadi 8. Chuchu ina mirija ya maziwa, misuli na neva nyingi, na huhitaji miezi 6 hadi 12. Isitoshe, tundu hupona kuanzia midomo yake miwili kuelekea katikati. Ndiyo maana mwezi wa pili nje huonekana pamekauka, kumbe ndani kidonda ni kibichi. Mtu akiacha kusafisha au akibadilisha pete mapema, bakteria hupenya, titi likavimba na kutunga usaha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, hivyo dalili za kuaminika ni joto, ugumu na maumivu.

Wapo pia bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, wanaoishi majini na udongoni. Hawa huweza kujificha wiki au miezi kabla ya kuzusha uvimbe mgumu, ambao huweza hata kudhaniwa saratani. Kuwatibu huchukua miezi.

Ufukweni wengi huamini kwamba maji ya bahari ni dawa ya kidonda. Maji ya chumvi ya hospitali yana chumvi asilimia 0.9 na hayana vijidudu. Bahari ina takriban asilimia 3.5, pamoja na vijidudu vyake. Tundu bichi lisiogelee, iwe baharini au kwenye bwawa la hoteli.

Sindano iliyokwisha kutumiwa huweza kubeba VVU na homa ya ini B na C. Kuichemsha tu hakuui mbegu za pepopunda. Vyombo vya chuma hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wachanga Kenya mwaka 2001, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga.

Baadhi ya watu huota keloidi, kovu linalokua kupita mipaka ya kidonda, nasi wenye asili ya Afrika tumo hatarini zaidi. Wengi waliotogwa chuchu hunyonyesha vizuri, ila kovu huweza kuziba mirija, au maziwa yakavujia tunduni. Pete ivuliwe kila mtoto anaponyonya, asije akapaliwa nayo. Mjamzito na anayenyonyesha wasitogwe kabisa.

Aliyekwisha kuamua adai sindano mpya inayofunguliwa mbele yake na pete ya titani, maana nikeli ya mapambo ya bei rahisi huwasha ngozi. Titi likipata joto na kuuma, asiing'oe pete mwenyewe: tundu likijifunga, usaha hubaki ndani. Aende kliniki iliyo karibu au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, na aseme wazi kwamba ametogwa. Kwa kuona haya, maambukizi ya kutibiwa kwa vidonge huishia kuwa jipu la kupasuliwa.