Wasomi na mto wa Timau: mgeni njoo, mwenyeji apone?

Ukitoka Nanyuki kuelekea Meru, njia hupita ubavuni mwa Mlima Kenya hadi Timau, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, viazi, mboga na maua ya kuuzwa Ulaya. Mji na mashamba yote hutegemea mito inayoteremka kutoka mlimani. Lakini maji hayo hayaishii Timau. Huelekea bonde la Ewaso Ng'iro, ambako wafugaji wa Isiolo na Samburu huyasubiri. Wa juu akichota kupita kiasi wakati wa kiangazi, wa chini hukuta mchanga.

Kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka, ndivyo ugomvi ulivyozidi. Mkulima mdogo alimlaumu mwenye shamba la maua, mwenye maua akamlaumu mkulima mdogo, na mfugaji akawalaumu wote wawili. Kila mmoja alikuwa na yakini, lakini hakuna aliyekuwa na kipimo.

Kipimo ndicho walicholeta wasomi. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walikuwa wakipima mvua na mito ya Laikipia na kandokando ya mlima, mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha utafiti cha CETRAD mjini Nanyuki. Ukijua mto una maji kiasi gani na yanachotwa wapi, swali hubadilika. Badala ya kuulizana nani mwizi, watu huulizana tugawane vipi.

Jibu limekuwa vyama vya watumiaji wa maji. Katika bonde hili vilianza miaka ya 1990, kabla ya sheria kuvitambua. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikavipa nafasi rasmi, na ile ya 2016 ikaviendeleza. Wakulima wakubwa na wadogo na watu wa mjini huketi meza moja. Kiangazi kikikaza, hupangiana zamu za kuchota. Mvua ikinyesha, huhimizana kuweka akiba: kanuni za mwaka 2007 zilimtaka anayechukua maji ya mafuriko kwa umwagiliaji awe na hifadhi ya kutosha siku 90.

Hata hivyo, tusipambe. Shamba kubwa lina fedha za kuchimba bwawa, lakini mwenye ekari moja hana. Viongozi wa vyama wengi hujitolea tu. Na ripoti nyingi za wasomi huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa mbali na mto wenyewe.

Sisi watu wa Pwani yatuhusu nini? Mombasa nayo hunywa maji ya mbali: ya chemchemi za Mzima kule Tsavo na ya Baricho kando ya mto Sabaki. Tunajua maana ya kuwa watu wa chini.

Na mfano wa ushirikiano tunao hapa hapa. Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji walishirikiana na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, wakaanzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wasomi hupima hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko, wanakijiji hulinda na kupanda, na fedha za mauzo ya hewa hiyo husaidia maji na shule za kijijini. Pale wenyeji wenyewe ndio huamua fedha zitumike wapi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wangapi wamekuja mitaani mwetu na karatasi za maswali, wakajaza, wakaenda zao, na mwenyeji hakuona hata ukurasa mmoja? Basi ndugu msomaji, akibisha hodi mtafiti, mkaribishe, lakini muulize matatu. Majibu yatarudi lini, na kwa lugha gani? Nani kati yetu atafundishwa kupima ukishaondoka? Na yakipatikana manufaa, nani atakaa mezani kuyagawa?

Asiyekuwa na jibu la hayo hajaja kushirikiana nasi, amekuja kutusoma tu.