Kanuni kwenye kapu la mabaki

Tuseme studio ya Mji Mkongwe inataka kumpa mwimbaji mwangwi wa chumba cha kale, chenye kuta za mawe ya matumbawe na dari ya boriti. Puto hupasuliwa chumbani, mlio hurekodiwa mpaka ufifie, kisha kompyuta huuchanganya na wimbo. Mlio wa sekunde 2 una sampuli 88,200, na kila sampuli ya wimbo huzidishwa kwa zote hizo: takriban hesabu bilioni 3.9 kwa sekunde moja ya muziki. Prosesa ya michoro ina maelfu ya viini vinavyopiga hesabu kwa pamoja, na tangu NVIDIA ilipotoa CUDA, jukwaa la kuzipa prosesa hizo hesabu zisizo za picha, mwaka 2007 waundaji wa programu za muziki wameimezea mate. Hata hivyo, kuinunua kwa sababu hiyo naona ni kuua sisimizi kwa shoka. Hisabati ya Fourier hupunguza mzigo huo hadi laptop ya kawaida ikaumudu. Na wakati wa kurekodi, fungu la sampuli 64 hudumu kama milisekunde 1.5 tu, na sauti lazima iende kwenye kadi ya michoro yenye prosesa hiyo, ipigwe hesabu na irudi ndani ya muda huo, la sivyo hedifoni zinatoa mikwaruzo. Vichujio vingi navyo husubiri jibu la sampuli iliyotangulia, hivyo maelfu ya viini hupanga foleni nyuma ya kimoja.

Kadi inalipa pale kazi inapoweza kungoja, na Unguja ina kazi ya namna hiyo: taarab iliyorekodiwa tangu mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, ala zote na sauti zikiwa mkondo mmoja. Programu kama Demucs huuchambua mkondo huo, na ikitumia kadi humaliza wimbo upesi mno. Ila kawaida ina makapu manne: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na mabaki. Mgawanyo huo ni wa pop ya Magharibi. Ukiipa taarab, fidla, udi, akodiani na kanuni vyote vinaishia kapu la mabaki, yaani kikundi karibu kizima. Dawa ni kuifundisha upya kwa rekodi ambazo kila ala ina mkondo wake. Kwa hiyo kinachokosekana ni rekodi za wapigaji, wale wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, au wa chuo cha muziki cha DCMA kilichoanza 2002. Fedha ziende huko.

Mbishi atasema kadi kama RTX 3060 yenye GB 12 itabaki mali ya studio. Ni kweli, na kwa kuchambua inatosha. Lakini hula hadi wati 170 peke yake, katika kisiwa kinacholetewa umeme kwa waya wa chini ya bahari, kilichokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa 2013 umepunguza hofu, si bili. Kufundisha programu nako si kazi ya kila siku. Kadi kubwa zaidi hukodiwa kwa saa kupitia intaneti.

Hoja nzito ni nyingine: kukodi ni kuzipeleka sauti zetu ng'ambo, kama enzi za santuri za Bombay. Naikubali, ila kuwa na kadi nyumbani hakumlindi mpigaji ambaye hakuandikiana mkataba na mtu. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki, ipo. Mkataba utaje waziwazi kama rekodi zitafundishia programu, na malipo ni kiasi gani. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70. Kuzitia sauti huchukua muda wa kutosha kuusoma mkataba huo mara mbili.