Biskwi na gato za soja na karanga: utamu wa nyumbani bila bunga ya ngano wala ya muhogo



Siku ya soko tunaona jambo moja karibu kila wiki. Mama anashuka kutoka kilimani na ndoo ya soja kichwani, na karanga kidogo ndani ya kifuko. Anauza. Kisha, mbele ya kurudi nyumbani, anawanunulia watoto mandazi ya ngano na biskwi za sashe. Soja imeondoka na gari ya munyabiashara, na nyumbani imeingia sukari na bunga nyeupe. Hatumulaumu. Mutoto akiona mama yake anarudi toka soko, anaangalia kwanza mikono yake. Lakini inafaa tujiulize: kama utamu ni lazima, kwa nini tusiupike sisi wenyewe na kile tulichovuna?

Ndiyo maana tuliketi na mama wa koperative moja ya upande wa Walungu, tukawasha mbabula, tukajaribu. Hapa tunaandika yale yaliyofaulu, na pia yale yaliyotushinda, ili ninyi musiharibu soja yenu kama tulivyoharibu ya kwanza.

Tofauti iko ndani ya bunga

Munakumbuka mafundisho ya kituo cha afya: kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Mandazi na biskwi za soko ni vya kutia nguvu tu. Vimejaa wanga, ni kusema ile sehemu ya chakula inayogeuka sukari katika damu. Protini, ambayo inajenga nyama ya mwili, ni kidogo. Angalieni katika gramu 100:

- Bunga ya muhogo: wanga zaidi ya gramu 80, protini haifiki gramu 3.
- Bunga nyeupe ya ngano: wanga karibu gramu 75, protini karibu gramu 10.
- Soja kavu: wanga karibu gramu 30 (na sehemu moja ya tatu ya hiyo ni nyuzinyuzi tu), protini karibu gramu 36, mafuta karibu gramu 20.
- Karanga: wanga karibu gramu 16, protini karibu gramu 25, mafuta karibu gramu 49.

Yai moja nalo lina karibu gramu 6 za protini, na karibu hakuna wanga. Kwa hiyo mukitengeneza biskwi kwa soja, karanga na mayai, munapata kitu kitamu ambacho kinajenga mwili. Kwetu Kivu, ambako kila mutu mukubwa anajua neno bwaki, jambo hilo si mchezo.

Kosa letu la kwanza: soja mbichi

Mara ya kwanza tulikuwa na haraka. Tulipeleka soja kwenye mashine ikiwa mbichi, tukachanganya, tukachoma. Biskwi zilikuwa na rangi nzuri. Mutoto wa kwanza aliuma, akatema. Mama mumoja akanusa, akasema: "Batoto hawatakula hii. Iko inanukia majani."

Alikuwa na haki. Na si harufu tu. Soja mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Mutu akila bunga ya soja ambayo haikuiva vizuri, tumbo linajaa hewa, wengine wanaharisha, na ile protini tunayoitafuta inapita bure. Moto mzuri ndio unaondoa kitu hicho. Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Chagua soja. Toa mawe, majani na mbegu zilizooza. Osha.
2. Chemsha maji mengi kwanza. Maji yakitokota, ndipo utie soja. Usiitie ndani ya maji baridi, kwa sababu ile harufu ya majani inazaliwa wakati mbegu inalowana polepole. Acha itokote dakika 25.
3. Mwaga maji, tia maji baridi, sugua na mikono. Maganda yatapanda juu, yatoe.
4. Anika juani kwenye shiti safi mpaka mbegu ikauke kabisa na ivunjike ukiuma. Wakati wa mvua inaweza kuomba siku tatu au zaidi. Usiku ingiza ndani.
5. Kaanga kidogo kwenye sufuria bila mafuta, ukigeuza-geuza, mpaka ipate rangi ya zahabu na kunukia vizuri. Isiungue, maana itakuwa chungu.
6. Peleka kwenye mashine. Mwombe mwenye mashine aisafishe kwanza, ili bunga ya muhogo isichanganyike na yako. Kisha chekecha.

Kilo moja ya soja inatoa karibu gramu 800 za bunga. Kwa kuwa soja ina mafuta, bunga yake haikai sana kama ile ya mahindi. Saga ya wiki mbili au tatu tu, na uitunze ndani ya chombo kinachofungwa, pahali pakavu. Ikianza kunuka mafuta ya zamani, usipikie watoto.

Karanga: jicho mbele ya mdomo

Karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye uchungu, zitupeni. Ukungu huo unaweza kuacha sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaharibu ini. Kukaanga au kuchoma hakuimalizi sumu hiyo. Tunajua inauma kutupa karanga mutu alizolima kwa jasho, na wengine wanasema "tutazisaga, haitaonekana". Haitaonekana, lakini itabaki pale. Dawa ni mbele: kukausha vizuri mara baada ya kuvuna, na kutoweka mifuko juu ya udongo.

Furu ya sufuria

Hakuna lazima ya furu ya umeme. Chukua sufuria kubwa ya zamani, tia muchanga mukavu wa kimo cha vidole viwili, weka mawe matatu madogo ndani. Funika, weka juu ya mbabula dakika 10 ipate moto. Kisha weka sahani ya chuma au sufuria ndogo yenye biskwi juu ya yale mawe, funika tena, na uweke makala machache yenye moto juu ya kifuniko. Kwa njia hiyo joto linatoka chini na juu. Moto usiwe mukali: soja inageuka rangi mbio kuliko ngano, inje inaungua na ndani bado ni mbichi.

Biskwi za soja na karanga (karibu 40)

- Bunga ya soja iliyotayarishwa kama tulivyoeleza: gramu 250
- Karanga zilizokaangwa na kusagwa kuwa siagi: gramu 200
- Mayai 3
- Sukari: gramu 60, ni kusema karibu vijiko vikubwa 5
- Chumvi kidogo, na nusu ya kijiko kidogo cha bikarbonati
- Maji au maziwa ya soja, vijiko vichache

Kama nyumbani hakuna mizani, nenda na kikombe chako kwenye mizani ya koperative. Pima mara moja, weka alama kwenye kikombe, basi.

Piga mayai na sukari. Ongeza siagi ya karanga, changanya mpaka iwe laini. Tia bunga ya soja, chumvi na bikarbonati. Donge likikataa kushikana, ongeza maji kijiko kwa kijiko. Musishangae kama halivutiki: soja haina ile gundi ya ngano inayoshika mukate. Hapa yai ndilo linalofunga, kwa hiyo usilipunguze. Finyanga vidonge vidogo, vibonyeze na uma, choma dakika 15 hadi 20. Zikitoka ni laini. Ziache zipoe, zitakaza.

Kila biskwi ina karibu gramu 4 za protini na gramu moja na nusu ya sukari uliyotia. Zikipoa kabisa, zifungie ndani ya kopo. Zinakaa wiki moja bila shida.

Gato ya karanga bila bunga yoyote (vipande 12)

- Karanga zilizokaangwa na kutolewa maganda: gramu 250
- Mayai 5
- Sukari: gramu 60
- Chumvi kidogo, na ganda la ndimu lililokwanguliwa

Twanga karanga ndani ya kinu pamoja na nusu ya sukari. Sukari inanyonya mafuta, hivyo karanga zinabaki kama bunga na hazigeuki siagi. Tenganisha mayai. Piga viini na sukari iliyobaki, ongeza karanga na ndimu. Ute upige peke yake na uma, kwa nguvu, ndani ya chombo kisicho na mafuta, mpaka uwe povu jeupe linalosimama. Hiyo povu ndiyo levire yako. Ichanganye polepole bila kuivunja, mimina kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, choma dakika 35 hadi 40. Choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, gato imeiva.

Kila kipande kina zaidi ya gramu 7 za protini.

Nani ale, na kiasi gani

Siku ya majaribio, baba muzee mumoja alikuwa ameketi pembeni. Tulipomupa kipande, alikataa kwanza. "Tangu munganga aliniambiyaka eti niko na sukari, sijakulaka tena gato. Siku ya ndoa ya mutoto wangu nilishika sahani tu." Tulimweleza yote yaliyomo, akakubali kipande kimoja, bila sukari ndani ya chai. Alikula polepole sana.

Lakini tuseme wazi: hii si dawa. Mwenye ugonjwa wa sukari aendelee na dawa zake na asiruke chakula. Kipande kimoja cha gato au biskwi mbili zinatosha. Na asidanganywe kwamba asali ni tofauti: asali nayo inapandisha sukari katika damu. Tena karanga zina mafuta mengi, kwa hiyo hata mutu muzima asile kopo nzima.

Kwa watoto, mafuta hayo ni faida, kwa sababu mutoto anahitaji nguvu pia. Mupe biskwi pamoja na chakula chake cha kila siku, si pahali pake. Bugari, maharagi, sombe na matunda vibaki. Mutoto mudogo mupondee biskwi ndani ya uji, maana vipande vya karanga vinaweza kumukaba. Ambaye hajatimiza mwaka mumoja asipewe asali hata kidogo. Na mutu ambaye karanga, soja au mayai vinamuvimbisha midomo au kumuzuia kupumua, asionje.

Mutoto mwenye miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka nyekundu, au ambaye mukanda wa kupima mukono umeonyesha rangi nyekundu (chini ya milimita 115, kwa mutoto wa miezi 6 hadi 59), apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Kule wana chakula cha matibabu kama Plumpy'Nut, chenye vitamini na madini ambavyo biskwi zetu hazina. Biskwi ni za mutoto ambaye bado ni muzima, ili abaki muzima.

Hesabu mbele ya kuuza

Wengine wameuliza: tunaweza kuuza? Ndiyo, lakini mupige hesabu kwanza. Bunga ya kilo moja ya soja inatosha kupika mara tatu, ni kusema biskwi karibu 120. Pamoja nayo inaomba gramu 600 za karanga, mayai 9 na gramu 180 za sukari. Andikeni bei ya kila kitu kwenye soko lenu, hata vile mulivyolima wenyewe, kwa bei ambayo munyabiashara angewalipa. Ongezeni mashine, makala na kazi ya mikono. Gawanyeni kwa 120. Kama feza inayotoka ni kubwa kuliko bei ya biskwi ya sashe, basi pikeni kwa ajili ya nyumbani tu, na soja iliyobaki uzeni mbegu kavu. Hakuna haya ndani yake.

Jambo tunalowaomba kwa musimu huu ni dogo. Siku ya kuvuna, mbele ya mifuko kufika kwenye depo, kila nyumba iweke kando mbegu ya kupanda, kisha kilo tano za soja na kilo tatu za karanga za kula. Ziandikwe kwenye daftari la nyumba kama zimeuzwa, ili musizihesabie tena. Na kwenye mukutano unaokuja wa koperative, kila kikundi kilete sahani moja. Yule mama aliyenusa biskwi zetu za kwanza amekubali kuonja zote.