Je, Wajua? Mashine Husoma Namba, Sheria Humtafuta Dereva

Je, wajua kwamba bodaboda wa Ujiji, Kigoma, na dereva wa basi la Dar es Salaam hawalipi faini sawa? Bajeti ya Tanzania ya 2021/22 iliteremsha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Magari yakabaki palepale.

Je, wajua kwamba deni la trafiki huandamana na namba ya gari? Faini huingizwa kwenye mfumo wa polisi uitwao TMS, na mwenye namba ya usajili anaweza kuangalia deni kwa simu. Ukiuziwa gari mkononi pale Mwanga, Kigoma, angalia deni kwanza, kisha ndiyo uulize habari za injini.

Lakini deni likifuata namba, sheria humtafuta mtu, na hapo ndipo inapopata kazi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, na humwadhibu anayeendesha. Askari mwenye tochi hana shida: anapima mwendo, anasimamisha gari, anamwona dereva usoni. Kamera isiyo na askari huondoka na namba tu. Picha yenyewe si tatizo, kwa kuwa tangu 2007 Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 40A, inakubali rekodi za video katika kesi za jinai. Lakini nani alishika usukani? Mwenye gari, shemeji yake, au fundi aliyekuwa anajaribu breki?

Waingereza walilijibu swali hilo kwa ubabe kidogo. Kifungu cha 172 cha sheria yao ya barabarani ya 1988 humlazimu mwenye gari kumtaja dereva. Akinyamaza, ukimya wenyewe ni kosa. Madereva wawili walilalamika Strasbourg kwamba wanalazimishwa kujishitaki. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwakatalia.

Je, wajua kwamba mabasi ya Kigoma yana jibu jepesi zaidi? LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huyafuatilia kwa mfumo wa kufuatilia magari, VTS, na dereva hugusisha kitufe chake cha utambuzi kabla ya kuondoka. Basi likizidi kilomita 80 kwa saa, mwisho wa kisheria kwa mabasi, mwendo unajulikana na aliyeendesha anajulikana. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku ilipoondolewa mwaka 2023, mfumo huu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotegemewa. Kwa abiria wa Kigoma, waliozoea kulala njiani, haikuwa habari ndogo.

Majirani nao wana yao. Nchini Rwanda kamera za mwendo huitwa Sofia. Mwaka 2021 manung'uniko kuhusu vibao vya kilomita 40 kwa saa yalimfikia Rais Kagame mwenyewe, akakubali kwamba uwiano unahitajika. Uganda ilianza kutuma faini za kamera Juni 2025, na mwezi huohuo zikasitishwa kwa kelele za wananchi.

Na aliyeipa dunia kamera ya mwendo? Maurice Gatsonides, Mholanzi, bingwa wa mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1953. Alitengeneza kipimo chake ili aweze kukata kona kwa kasi zaidi.

Kigoma ina fumbo la ziada. Gari la Burundi huingia kupitia mpaka wa Manyovu. Kamera ingeisoma namba yake bila taabu, ila jina la mwenye gari limo kwenye daftari la nchi nyingine.