Slaidi kwa kompyuta ya bei nafuu (3): Mzigo ni picha

Juma lililopita tulieleza namna ya kuchagua kompyuta mpakato ya bei nafuu. Leo tunajibu swali la walimu wengi: je, mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 inaweza kuonyesha slaidi bila kukwama?

Inaweza. PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, kompyuta ya Macintosh Plus ilikuwa ikiuzwa na kumbukumbu ya MB 1 tu. Maandishi na michoro ni kazi nyepesi; kinachoilemea mashine ni picha.

Chukua picha ya simu yenye nukta 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ikiwa imehifadhiwa huwa imebanwa, kwa hiyo huonekana ndogo. Ikifunguliwa, kila nukta hudai baiti 3 au 4, na picha hiyo moja hula MB 36 hadi 48 za kumbukumbu. Zikiwa kumi, mashine huanza kusuasua. Na yote hayo ni bure, maana projekta yenye nukta 1024 kwa 768 haifikishi hata nukta 800,000. Hata picha ikijaza ukuta mzima, katika kila nukta 15 ulizobebesha mashine, zaidi ya 14 hazimfikii mtazamaji. Basi punguza picha hadi upana wa nukta 1024 kabla ya kuiweka kwenye slaidi.

Jambo la pili ni fonti. Kompyuta isiyo na fonti uliyotumia huweka nyingine, na maneno huruka mstari au kutoka nje ya slaidi. Hifadhi nakala ya PDF, ambayo hubeba fonti zake ndani. Kumbuka tu kwamba video na miondoko ya slaidi hubaki nyuma.

Tatu, uliza mapema projekta ina tundu gani. VGA, lenye matundu madogo 15, hupokea mawimbi ya analogia. HDMI ya kompyuta hutoa ishara za kidijitali. Kuziunganisha kunahitaji adapta yenye saketi ya kubadilisha ishara, si waya mtupu. Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague picha ionekane pande zote mbili.

Shule inayosubiri fedha za mashine ya gharama kubwa ndipo ianze kutumia slaidi inawachelewesha wanafunzi bila sababu. Iliyopo inatosha, mradi mwalimu aiandalie mzigo inaouweza.

Juma lijalo: sauti na video.