Juha, Joe na Boyie: Hadithi za Picha Mitaani Eastlands

Februari 2010, gazeti la Saturday Nation lilianza kuja na kitu cha ziada katikati ya kurasa zake: kijitabu cha katuni chenye rangi kali, kilichoandikwa kwa Sheng, jina lake Shujaaz. Nakala nyingine zilipelekwa kwenye vibanda vya M-Pesa na kutolewa bure. Mtu wa Kayole au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, aliyekwenda kutoa pesa angeweza kurudi nyumbani na noti zake mfukoni na hadithi mkononi, hata kama hajawahi kununua gazeti maishani mwake.

Ndani ya kijitabu hicho alikuwamo Boyie. Amemaliza shule, kazi hana, bado anakaa kwa wazazi wake. Chumbani mwake ameunganisha mitambo ya redio, na kila siku anateka masafa ya FM na kujitangaza kama DJ Boyie bila mtu yeyote kujua sauti ile inatoka wapi. Kwa msomaji wa Jericho au Dandora aliyekuwa na cheti cha kidato cha nne kabatini na asubuhi ndefu mbele yake, huyu hakuhitaji kutambulishwa.

Shujaaz ni mfululizo, na neno hilo linastahili kufafanuliwa kabla ya kwenda mbali. Hadithi za picha ziko za aina mbili kuu. Mfululizo hutoka toleo baada ya toleo, na wahusika ni wale wale: msomaji anawazoea, anawasubiri, anajua mapema nani atakasirika na nani atadanganya. Aina ya pili ni kitabu kinachojitegemea, ambacho kisa chake huanza na kuisha ndani ya jalada moja. Mfululizo hauwezi kuishi bila njia ya uhakika ya kumfikia msomaji kila wiki au kila mwezi. Gazeti likikosa kufika, uzi unakatika. Kitabu kinachojitegemea kinaweza kulala rafuni miaka kumi, kikaja kuchukuliwa na mtoto ambaye hakuwa amezaliwa kilipochapishwa, na bado kikaeleweka chote. Historia ya katuni nchini Kenya ni historia ya aina hizi mbili kutafuta njia za kuingia nyumbani kwa watu.

Njia ya kwanza kubwa ilikuwa gazeti la Kiswahili. Tangu miaka ya 1950, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, na kwa miongo mingi wasomaji wa Taifa Leo walimkuta mahali pake, katika vijisanduku vichache vilivyopangwa mstari mmoja. Jina lenyewe lina utamu wake. Juha kwa Kiswahili ni mjinga. Kalulu kwa Kichewa ni sungura, yule mjanja wa ngano za Afrika ya kusini mwa kati. Gitau alifariki mwaka 2016, na katuni yake huhesabiwa miongoni mwa zilizodumu kwa muda mrefu zaidi Afrika Mashariki.

Katuni ya namna hii ina nidhamu kali. Kijisanduku cha kwanza kinamweka mhusika mahali fulani, cha pili kinamwingiza matatani, cha mwisho kinageuza mambo. Hakuna nafasi ya kueleza. Katikati ya kijisanduku na kingine kuna upenyo mweupe, na huko ndiko msomaji anakofanya kazi yake: ameona mkono umeinuliwa, kisha ameona kikombe kimepasuka chini, na tukio la katikati amelichora mwenyewe kichwani. Ndiyo maana hata mtoto anayejikongoja kusoma anaweza kuifuata hadithi nzima, na ndiyo maana gazeti moja lililonunuliwa na mtu mzima liliweza kusomwa na nyumba nzima.

Kuanzia 1968 hadi 1972 ilikuja njia nyingine, ya picha za kamera. African Film, jarida la kampuni ya Drum, lilisimulia visa vya mpelelezi Lance Spearman kwa picha zilizopigwa kama filamu na kubandikwa viputo vya maneno. Spearman alivaa suti nadhifu na kofia, akawafukuza wahalifu kwa gari. Jarida lilisomwa Nairobi kama lilivyosomwa Lagos na Accra. Kwa vijana wa kizazi cha kwanza cha uhuru, shujaa mweusi mwenye bastola na akili nyingi, anayeishi katika mji wa Kiafrika, lilikuwa jambo jipya kabisa.

Kisha akaja Joe. Mwaka 1973, Hilary Ng'weno, mzaliwa wa Nairobi na Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, aliungana na mchoraji Terry Hirst kuanzisha jarida la ucheshi lenye jina hilo. Hirst alizaliwa Uingereza, akaja Kenya katikati ya miaka ya 1960 na kufundisha sanaa. Joe mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, wa mshahara mdogo na madeni mengi, anayeangalia jiji linavyobadilika na kucheka ili asilie. Ndani ya jarida kulikuwa na katuni kadhaa zenye wahusika wa kudumu, zikiwemo za Hirst na za Gitau, pamoja na hadithi fupi za waandishi wa Kenya. Baa, nyumba ya kupanga, ofisi yenye bosi mkali, jamaa kutoka mashambani anayebisha hodi mwisho wa mwezi: msomaji wa Makadara au Maringo aliyatambua maisha hayo kabla hajamaliza ukurasa. Joe lilikoma mwaka 1979. Katika miaka hiyo hiyo Daily Nation lilikuwa na Bogi Benda, katuni ya James Tumusiime, Mganda ambaye baadaye alikuja kuwa mchapishaji mkubwa kwao.

Hirst hakuweka kalamu chini. Katika miaka ya 1980 alihamia aina ya pili, na matokeo yake yakawa Pichadithi, vitabu vyembamba ambavyo kila kimoja kilibeba kisa kimoja kamili. Kwa nje vilikuwa msururu, kwa kuwa vilishiriki jina na umbo. Kwa ndani kila kitabu kilijitegemea. Vingi vilichota kutoka ngano na mapokeo ya jamii za Kenya. Kimojawapo kilimhusu Lwanda Magere.

Kisa cha Lwanda Magere kinaonyesha vizuri kwa nini ngano na katuni zinapatana. Magere ni shujaa wa Wajaluo ambaye mkuki haupenyi mwilini mwake. Adui wanampa mke kutoka kwao ili amchunguze. Siku moja shujaa anaugua, anamwomba mkewe amchanje na kumtia dawa, lakini si mwilini; amchanje kivulini. Damu inatoka. Mke anatoroka usiku na siri hiyo, na katika vita vinavyofuata mkuki unachomwa kwenye kivuli na Magere anaanguka na kuwa jiwe. Msimulizi wa mdomo anapaswa kukifanya kivuli hicho kionekane kwa sauti yake. Mchoraji anacho tayari: ni wino mweusi unaomfuata shujaa chini ya miguu yake kijisanduku hadi kijisanduku, na msomaji anayejua siri anautazama kwa hofu huku Magere hautazami. Mtoto aliyezaliwa Kaloleni, ambaye nyanya yake yuko mbali Nyanza, aliweza kukutana na ngano ya kwao kwa njia hiyo. Mwenzake wa nyumba ya pili, Mkamba au Mkikuyu, aliisoma pia.

Mwaka 1996 wachapishaji wa Sasa Sema waliichukua aina hiyo na kuipa Kiswahili. Gado, Mtanzania Godfrey Mwampembwa ambaye tangu 1992 alikuwa mchoraji wa Daily Nation, aliwatolea Abunuwasi, visa vya yule mjanja ambaye watoto wa pwani wamesimuliwa kwa karne nyingi. Ruth Wairimu Karani aliwatolea Macho ya Mji. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa sababu kitabu cha katuni cha Kiswahili kilikuwa kinauzwa kwa mzazi aliyezoea kununua kile tu kilicho kwenye orodha ya shule. Sasa Sema baadaye ilikwenda mikononi mwa Longhorn, wachapishaji wa vitabu vya kiada.

Upande wa kazi za kubuni alisimama Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa nyumbani kwake. Akokhan yake ni vita vya watu wenye nguvu za uganga, vinavyovuka vizazi. Hakuhitaji kumkopa shujaa wa Marekani anayeruka angani kwa joho. Golgoti yake inamfuata mzungu mvumbuzi anayepotea katika bara asilolielewa. Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu, jijini alikochora kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwezi huo huo Shujaaz ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy, ikaja kushinda nyingine 2014. Waliokuwa nyuma yake ni kampuni ya Well Told Story, iliyoasisiwa na Rob Burnet, pamoja na kundi la wachoraji na waandishi vijana wa Kenya. Kazi ya kijitabu ilikuwa kupenyeza maarifa ndani ya hadithi. Katika kisa kimoja kinachokumbukwa, wahusika wanawapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kuwa chakula. Wafugaji waliosoma walijaribu.

Lakini uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa lugha. Sheng ilikomaa Eastlands, katika nyumba za kaunsili ambako Mluhya, Mjaluo, Mkamba na Mkikuyu walichota maji kwenye bomba moja. Ni lugha ya mdomo na inageuka haraka: pesa ni chapaa, ni doo, ni ganji, ni mkwanja, kutegemea mtaa na mwaka. Kuichapisha kila mwezi, kwa mamia ya maelfu ya nakala, kulilazimu wahariri kuamua kila mara ni neno gani litaeleweka Buruburu na pia Kisumu, na liandikwe vipi. Tahajia ya lugha ambayo walimu waliifukuza darasani ikawa inasomwa karibu na meza ya wakala wa M-Pesa.

Wasomaji walijibu. Walimwandikia Boyie kwa ujumbe wa simu na baadaye Facebook, wakimweleza habari za biashara ndogo, mapenzi na ugomvi na wazazi, kama vile yupo mtaa wa pili na anaweza kuitwa aje. Wengine walimuuliza swali moja tu: hiyo redio aliiunganishaje, maana nao walikuwa na waya na spika kuukuu chumbani.